Daftari la Injini ya Baba

Ndugu zangu wa ukoo, mlioko Maskati, Dubai, Toronto na hapa Uingereza, wengi wenu mliniuliza juu ya mashua ya marehemu Baba, kama imeuzwa au ingalipo. Nilichelewa kujibu kwa kuwa jibu lenyewe lilikuwa limelala ngamani, ndani ya injini iliyokataa kuwaka.

Mashua imefungwa South Dock, Rotherhithe, hapa London. Ni ya tanga, lakini Mto Thames hauendeki kwa tanga peke yake: siku za bamvua maji hupanda na kushuka kiasi cha mita 7 kwenye London Bridge, na lango la bandari hufunguliwa kwa saa chache tu maji yanapojaa. Asiye na injini hubaki ndani. Babu yetu alikwenda Maskati kwa kusi na kurudi Unguja kwa kaskazi bila ya injini yoyote. Mwanawe, aliyeondoka Unguja mwaka 1964 baada ya Mapinduzi, alizeeka akizungusha hendeli.

Injini yenyewe ni Stuart Turner ya petroli, iliyotengenezwa Henley, mji ulio juu ya mto huu huu. Ni ya mipigo miwili, kwa hiyo oili yake huchanganywa ndani ya petroli. Kaka yangu alitaka ing'olewe iwekwe ya dizeli, na ikishindikana, mashua iuzwe. Tukakubaliana kwamba ikiwaka kabla ya Septemba kwisha, itabaki.

Baba aliacha daftari la injini. Aliliandika kwa Kiswahili cha hati ya Kiarabu, kama alivyofundishwa chuoni utotoni, bila ya irabu. Ndiyo maandishi pekee ya Kiswahili ya mkono wake tuliyo nayo; barua zote alituandikia kwa Kiingereza, akidhani anaturahisishia. Mimi hati hiyo naisoma kwa kubahatisha. Mstari wa kwanza niliusoma "Fungua ghamu kwanza", nikakaa nao siku mbili nikiamini kuwa Baba ameniachia wasia. Nilipompigia simu Shangazi nikamsomea, alicheka mpaka akakohoa.

"Si ghamu, mwanangu. Ngama! Ghaini ni hiyo hiyo moja. Baba'ko akisema na mashine, hakuwa akisema nawe."

Na agizo lile lilikuwa la kuokoa roho. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hushuka ukatua ngamani bila ya kuonekana, na cheche moja yatosha kuilipua mashua nzima. Nilifungua vifuniko vyote, nikasubiri, nikainama na kunusa hadi chini kabisa. Hapo tena ndipo nilipofuata mistari mingine, huku Shangazi akinisomea kutoka kwenye picha nilizompelekea.

Cheche kwanza. Nilifunga koki ya petroli, nikaitoa plagi, nikaiacha na waya wake, nikaigusisha na chuma cha injini mbali na tundu lake, nikazungusha hendeli. Cheche ilikuwa ya buluu, kali. Lakini plagi ilitoka kavu, maana yake petroli haifiki. Nikaifungua kabureta. Ndani ya bakuli lake nilikuta matone ya maji yaliyojitenga na vipande vyeusi vidogo kama mbegu za ufuta: ni mpira wa petroli uliokuwa ukimomonyoka kwa ndani.

Jambo hili daftari halikulijua. Baba alifariki mwaka 2019. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida hapa Uingereza huwa na ethanoli hadi asilimia 10, nayo huvuta maji na kuila mipira ya zamani. Tangi nililijaza mimi, kwa petroli hiyo hiyo, nikaiacha majira mawili ya baridi. Kosa lilikuwa langu.

Nilinunua mpira unaostahimili ethanoli na petroli ile ya bei ya juu, isiyozidi asilimia 5. Tundu dogo la kabureta nililipuliza kwa hewa; Baba ameandika "usitie waya", kwani waya hulipanua. Ameandika pia kwamba kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, hendeli isije ikarudi nyuma ikakivunja. Nilikumbuka gumba lake lililopinda. Hatukuwahi kumuuliza.

Tarehe 27 Septemba, mzunguko wa tisa ilipiga chafya. Wa kumi na moja ikawaka. Kaka yangu, aliyesimama gatini mikono mfukoni, alisema, "Moshi mwingi," kisha akavua koti akashuka ndani. Lango lilikuwa limekwisha kufungwa, kwa hiyo hatukutoka.

Jioni niliandika chini ya mstari wa mwisho wa Baba, kwa hati yake: "Mpira wa petroli umebadilishwa." Nikampelekea Shangazi picha. Akajibu kuwa nimesahau nukta mbili.