Nuru Isiyochoma

Tulitoka Mji wa Kale alasiri, tukafika hori ya Kilifi, kilomita 60 hivi kaskazini mwa Mombasa. Tulichagua siku za mwisho wa mwezi mwandamo, kwani mbalamwezi huificha nuru ile. Baada ya Isha, sisi wanawake tukashuka majini kwa stara. Kila mkono ulipopiga maji, cheche za samawati ziliruka: ni viumbe wadogo mno wa baharini, hung'aa maji yakitikiswa, wala mwanga wao hauna joto. Nyanya yetu, ambaye hakuigusa bahari tangu imchukue nduguye, alinong'ona "Subhanallah", kisha akaingia hadi kifuani. Hofu yake tuliirithi sote. Usiku ule tukaurithi na ujasiri wake. Akina mama wenzangu, tuwafunze binti zetu kuogelea.