Kuni Huchanjwa Zingali Mbichi

Mti mkubwa uangukapo usiku, nyumba nzima huamka. Kwanza husikika mlio wa mizizi ikikatika, kisha kishindo, kisha kimya. Na mwenye shamba hukaa kitandani akihesabu moyoni watu wake, ng'ombe wake na paa lake. Kukicha hofu hugeuka furaha, kwani kuni za mwaka mzima zimelala mlangoni bila kununuliwa. Lakini ni katika saa ile ile ya furaha ndipo kosa hutendeka. Watu huja, hulizunguka gogo, hulipiga teke, nao husema, “Liacheni likauke kwanza, tutalichanja baadaye.”

Kosa hilo lilionekana waziwazi katika boma moja lililoko kwenye miteremko ya milima ya Nyandarua, upande wa Nyeri. Mwezi wa Aprili mwaka 2024, wakati wa masika yaliyoleta mafuriko katika sehemu nyingi za Kenya, ardhi ililoa hata ikawa laini kama uji, na mkaratusi uliokuwa mpakani mwa shamba uking'oka na mizizi yake. Ulianguka mbali na nyumba, haukumdhuru mtu wala mnyama. Asubuhi mwenye boma, mzee aliyekwisha kuona masika mengi, alitoka na fimbo yake, akautazama mti tangu shina hata ncha, akatoa hukumu: mti ukae ulipo mwaka mzima, halafu ndipo shoka litiwe.

Mwanawe, aliyekuwa amekwisha kulinoa shoka, alisimama kwa adabu akasema, “Baba, mti huu ukikauka hautapasuka. Samaki mkunje angali mbichi.”

“Mwanangu,” mzee akajibu, “baba yangu alikuwa akiyaacha magogo porini mwaka, hata miaka miwili, na kuni zake zilikuwa nzuri kuliko zenu. Haraka haraka haina baraka.”

Basi methali zikasimama mbili, kila moja na mwenyewe, na gogo katikati yao.

Yafaa kusema kwamba mzee hakuwa mjinga. Maneno aliyosema juu ya baba yake yalikuwa kweli. Ila mti wa baba yake ulikuwa mutamaiyu, yaani mzeituni wa porini, ambao kiini chake ni kigumu na hakiozi upesi. Watu wa milimani huutumia hata kwa nguzo za ua. Gogo la mutamaiyu laweza kulala chini muda mrefu, sehemu ya nje ikaliwa, na kiini kikabaki kizima. Mkaratusi ni mgeni. Asili yake ni Australia, nao uliletwa Kenya mwaka 1902 ili upatikane ukuni wa injini za reli. Watu waliupenda kwa sababu hukua upesi. Miti ya zamani ilipopungua, mkaratusi ukashika mahali pake jikoni. Lakini desturi ya kuzitunza kuni haikubadilika pamoja na mti. Hapo ndipo mzee alipokosea: alichukua sheria ya mti mmoja akaitumia kwa mti mwingine.

Tena palikuwa na jambo jingine ambalo wanaume wawili hawa hawakulitaja, ingawa walilisikia kila alfajiri. Bibi ya mzee alikuwa akikohoa. Mwaka uliotangulia tawi kubwa la mkaratusi lilianguka, likaachwa vivyo hivyo, na mvua zilipokuja jikoni hapakuwa na kuni ila vijiti vibichi. Mama yule alikuwa akiinama mbele ya mafiga, akipuliza hata machozi yakamtoka, na moshi ukijaa nyumba kabla maji hayajapata uvuguvugu. Wajukuu waliota moto pale pale. Shirika la Afya Ulimwenguni lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 moshi wa nyumbani, utokanao na kuni, makaa, samadi na mafuta ya taa, ulisababisha vifo vya watu milioni 3.2 duniani, na zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto walio chini ya miaka 5. Hesabu hiyo ni kubwa mno kuingia kichwani; lakini kikohozi cha mtu mmoja nyuma ya ukuta huingia bila kubisha hodi.

Sababu ya moshi huo si siri. Mti uliokatwa leo waweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake. Mtu abebaye mzigo wa kuni mbichi wa kilo 50 amebeba kuni kilo 25 na maji kilo 25. Akizitia motoni, moto hauna budi kuyageuza maji hayo kuwa mvuke kwanza. Na kuyageuza maji kuwa mvuke hula joto zaidi ya mara 6 kuliko kuyachemsha tu kutoka hali ya baridi. Joto la kuipikia sufuria hupotea kwa kuzikausha kuni. Tena moto uliopozwa hivyo hauna nguvu ya kuuteketeza moshi wake wenyewe, nao moshi hupanda, huganda darini kama lami, na huingia vifuani mwa watu. Ukuni ulio tayari usizidi sehemu moja ya maji katika sehemu tano za uzito wake.

Mwisho wake mama mwenyewe ndiye aliyekata shauri. Alisema kwa upole kwamba mti ni mrefu, unatosha watu wawili; nusu ya juu apewe kijana aichanje sasa, na nusu ya chini iachwe kama mzee apendavyo. Mzee akacheka, akakubali, kwa kuwa alikuwa na hakika ya kushinda.

Kijana hakurukia kazi. Mti ulioanguka hauna amani kama unavyoonekana. Tawi lililobanwa chini ya shina hukaa kama upinde uliovutwa, na likikatwa ovyo humpiga mtu usoni. Shina lililoko mteremkoni laweza kubingirika, kwa hiyo mkataji husimama upande wa juu. Na la hatari kuliko yote ni shimo la mizizi: shina likitengwa na kisiki, kisiki na udongo wake mzito chaweza kurudi shimoni ghafula na kumfunika aliyeingia humo. Hivyo watoto waliamriwa kukaa mbali na shimo, hata kama mbuzi amepotelea huko. Ndipo kijana akaanza na matawi madogo, akasafisha mahali pa kusimama, na baadaye akamwita fundi mwenye msumeno wa injini.

Magogo yalikatwa mafupi, kila moja urefu wa dhiraa. Watu wengine hupenda vipande virefu kwa sababu msumeno hufanya kazi kidogo, lakini maji ya mti hutoka kwenye ncha zilizokatwa upesi zaidi, mara 10 hata 15, kuliko ubavuni. Kipande kifupi kina milango iliyo karibu. Kirefu kina njia ndefu ya kutokea. Siku zile zile, kabla juma halijaisha, kila kipande kilipasuliwa kwa shoka na kabari. Mkaratusi mbichi hupasuka kwa mlio mzuri, ijapokuwa nyuzi zake zimesokotana. Kijana alianzia kandokando, akitoa vibanzi kuelekea moyoni, hakupiga katikati. Kuni zilipata unene wa kifundo cha mkono, na zile nene kidogo ziliwekwa kwa moto wa usiku.

Hazikutupwa chungu. Zilipangwa safu moja juu ya miti miwili iliyolazwa juu ya mawe, zisiguse ardhi, na ncha zake zikatazama upande upepo utokako. Juu paliwekwa bati lililozuiwa kwa jiwe, na mbavu zikaachwa wazi. Mtu afunikaye kuni zake pande zote kwa turubai huzuia mvua isiingie, lakini huzuia pia mvuke usitoke. Na kuni zake huota ukungu.

Mke wa kijana alifanya jambo moja la busara. Alichukua ukuni mmoja mnene, akautia alama ya makaa, akaupima kwa mizani ya viazi: kilo 10 kamili. Kisha kila baada ya majuma mawili aliupima tena, na kuandika hesabu ukutani. Mwezi wa Mei ulipungua. Mwezi wa Juni hata Agosti, wakati ukungu na manyunyu hukaa milimani mchana kutwa, ulipungua kidogo sana, na mzee alipita karibu akaguna. Septemba jua lilipotoka hesabu ikashuka tena. Mvua za vuli zikaizuia. Na katika jua kali la Januari na Februari ikashuka hata kilo 6 na robo, ikasimama hapo. Uzito usipopungua tena, maji ya kutoka yamekwisha kutoka. Asiye na mizani zipo dalili nyingine: ncha zina nyufa kama mionzi ya gurudumu, ganda linaachana na mti lenyewe, na kuni mbili zikigonganishwa hulia kwa sauti kavu kama ya kengele ya mbao, hali zile mbichi hutoa kishindo kizito.

Mwisho wa Februari mwaka 2025 ikawa zamu ya gogo la mzee. Kwa macho lilionekana zuri. Ncha yake ilikuwa kavu, nyeupe, yenye nyufa, na mzee aliipapasa kwa furaha. Shoka lilipopigwa mara ya kwanza likaruka kama limepiga jiwe. Mara ya tatu mpini ukavunjika. Kabari ikaingia ikakwama, ikabidi itolewe kwa kabari nyingine. Ikaletwa misuli ya vijana watatu wa jirani, na kazi ambayo kijana mmoja aliimaliza kwa juma moja ikawachosha wanne kwa siku nyingi. Ubavu uliogusa ardhi ulikuwa umeingiwa na kuvu na wadudu, laini kama mkate. Kama ingekuwa nchi za joto, mchwa wangalikwisha kulila gogo lile. Na ajabu iliyomnyamazisha mzee ni hii: mkono mmoja ndani kutoka kwenye ncha, mti ulikuwa bado na unyevu. Miezi 10 ilikuwa imepita, na gogo lilikuwa limekauka ngozi tu. Kuni hizo zilizotoka kwa jasho nyingi zilianza kuhesabiwa mwezi kama zilizokatwa jana.

Hapana shaka kwamba kungoja kuna mahali pake. Mti ulioanguka na majani yake waweza kuachwa majuma mawili matatu, maana majani huendelea kuyavuta maji ya matawi na kuyatoa hewani, na matawi membamba hufaidika. Mti uliokufa umesimama, au ulioegemea mwingine pasipo kugusa ardhi, waweza kuwa umekauka nusu tayari. Na muwati, ambao wengi hupanda kwa kuni, haumwadhibu mtu kama mkaratusi. Lakini shina nene la mkaratusi halina faida ya kungojwa hata kidogo. Kukausha huanza siku ya kupasua. Siku za nyuma hazihesabiwi.

Vilevile si kila mti ulioanguka ni wa mpita njia. Ulio shambani ni wa mwenye shamba, na ulio mpakani huzungumzwa na jirani kabla ya shoka kuinuliwa. Ulioanguka katika msitu wa serikali, hata kama umelala miaka, hauchukuliwi bila idhini ya watunza misitu. Urafiki mwingi umeharibiwa na gogo lililochanjwa kabla ya maneno mawili.

Katika masika ya mwaka 2025 jiko la boma lile liliwaka kwa kuni za kijana. Moto ulishika upesi, ukawa na ulimi mweupe, na moshi ukapungua hata ukuta wa upande wa pili ukaonekana. Kikohozi cha mama hakikuisha, kwa kuwa mapafu yaliyokula moshi miaka 50 hayaponi kwa mwaka mmoja, na nyumba ile bado yahitaji dirisha kubwa na jiko lenye bomba. Lakini alfajiri alikohoa mara chache, na wajukuu waliweza kusoma karibu na moto bila kufikicha macho.

Mzee hakusema neno lolote juu ya jambo hilo, wala hakuna aliyemwuliza. Ila usiku mmoja wa Mei upepo ulivunja mkaratusi mwingine karibu na mto. Kijana alipoamka alfajiri na kutoka nje, alikuta mlango wa ghala u wazi, na chini ya mparachichi baba yake ameketi juu ya kigoda, jiwe la kunolea likiwa gotini, akilinoa shoka.