Nilibonyeza "Ndiyo" Nikiwa Nimeshika Viatu

Ilikuwa baada ya swala ya Isha, siku za mwisho za Shaaban. Nilikuwa mlangoni mwa msikiti, viatu mkono wa kushoto, simu mkono wa kulia, na mweka hazina wetu akinieleza habari za bei ya sukari. Simu ikalia. Arifa ikasema: "Taarifa ya mgawo wa futari iko tayari. Niitume kwenye kundi la waumini?" Chini yake palikuwa na vitufe viwili, Ndiyo na Hapana. Nikabonyeza Ndiyo, tukaendelea na sukari.

Niwaeleze wasomaji aliyeniuliza ni nani. Katika kazi za ukatibu hutumia programu ya akili mnemba ya aina iitwayo wakala. Yeye haishii kujibu maswali. Hupewa kazi akaifanya: husoma barua, hupanga orodha, huandaa ujumbe na kuutuma. Afikapo mahali panapohitaji uamuzi wa mtu, husimama na kuniletea swali kwenye simu, hata nikiwa mbali na kompyuta. Utaratibu huo niliuchagua mimi, na nilijigamba mbele ya kamati kwamba hakuna neno litakalotoka kwa jina la msikiti bila idhini ya binadamu.

Taarifa ile ilikusudiwa iwe na hesabu tupu: kaya ngapi, mchele kilo ngapi, tende boksi ngapi. Wakala akaambatanisha na orodha niliyompa afanyie hesabu: majina, nyumba, na safu ya mwisho niliyoiandika mwenyewe, "sababu ya kusaidiwa". Arifa haikutaja kiambatanisho hicho. Lakini ningeifungua, ningekiona.

Niliufuta ujumbe baada ya robo saa. Kundi lina watu zaidi ya 200.

Kesho yake, baada ya Alfajiri, alinijia mama mmoja, mjane, mtu mzima wa kunizaa. Hakupandisha sauti.

"Mwanangu katibu, mimi nilikuja kwako usiku ili wanangu wasijue. Jana wamejua, wao na wake zao."

"Nisamehe, mama. Kosa ni langu."

"Nimekusamehe, baba. Lakini jina langu litoe."

Vijana wa kamati walinifariji kwamba aliyekosea ni mashine. Kweli ilikosea, na kasoro hiyo tumeirekebisha. Lakini iliniuliza, nami nikaijibu. Chuoni tulisoma mlango wa wakala katika fiqhi, na miongoni mwa masharti yake ni kwamba jambo analowakilishwa mtu liwe linajulikana walau kwa kiasi cha kuondoa utata. Mimi niliidhinisha nisichokijua, tena kwa kidole gumba.

Na kidole hiki kimefundishwa. Kutwa nzima simu inaniletea ofa za bando, matokeo ya mpira na salamu za Ijumaa zenye maua, na vyote hulia kwa mlio mmoja. Swali kuhusu sitara ya mjane lilikuja kwa mlio huohuo.

Walionizidi utaalamu wameumia vilevile. Septemba 2022 mtu aliyekwisha kuipata nywila ya mkandarasi mmoja wa kampuni ya Uber alijaribu kuingia mara kwa mara, na kila jaribio likapeleka ombi la idhini kwenye simu ya mkandarasi. Mwanzoni hakuidhinisha. Hatimaye akakubali moja, na mvamizi akaingia. Mei 2023 Microsoft ikalazimisha, katika programu yake ya uthibitisho, kwamba anayeidhinisha aandike namba anayoiona kwenye skrini ya kuingilia badala ya kubonyeza tu.

Hilo tumeliiga. Kwa jambo lolote lenye jina la mtu, arifa yetu sasa haina kitufe cha Ndiyo. Husema tu kwamba kuna jambo linanisubiri. Sharti niifungue, nione maandishi yote na viambatanisho vyake, nione ni nani atakayepokea, kisha niandike kwa tarakimu idadi ya watakaopokea. Nadhani usiku ule, laiti ningelazimika kuandika 200 na ushei, mkono ungesita. Mweka hazina naye huidhinisha kwa simu yake. Nisipojibu, wakala husubiri. Kunyamaza kwa bikra anapoposwa wanazuoni wamekuhesabu kuwa ni ridhaa, lakini kunyamaza kwa katibu aliyelala hakumo humo. Na tangu adhana hadi swala kumalizika, haniletei swali lolote.

Kijana wetu wa ufundi analalamika kwamba kazi ya dakika moja sasa huchukua nusu siku. Ni kweli, huchukua.

Yule mama hakupokea kitu Ramadhani ile. Siku ya tatu mke wangu alimpelekea futari kama jirani, bila kutaja msikiti. Jioni iliyofuata sahani yetu ilirudi, imejaa kaimati alizopika mwenyewe.