Mchezaji Kiraka na Riziki Yake

Katika nchi ya Ukambani, tangu Mwingi na Mutomo upande wa Kitui mpaka Wote na Kibwezi upande wa Makueni, mvua haina ahadi. Kwa sababu hiyo mkulima mwenye busara hategemei mbegu moja. Mvua za vuli zinapokaribia mwezi wa Oktoba, yeye hutia ardhini mahindi, kunde, ndengu, mtama na mbaazi, mara nyingi katika shamba lile lile. Mvua ikikatika mapema, mahindi hunyauka, lakini ndengu hukomaa upesi, na mbaazi, ambazo mizizi yake huenda chini sana, hubaki zimesimama hata jua likawa kali. Hapana mtu amchekaye mkulima huyo. Walakini jambo hilo hilo likionekana katika uwanja wa mpira, watu hulidharau. Kijana achezaye beki Jumamosi hii na winga Jumamosi ijayo huambiwa kwamba hana namba yake, naye huitwa kiraka.

Jina hilo latoka kwa fundi wa nguo. Kiraka ni kipande kishonwacho palipotoboka, na hapana ajisifuye kwa viraka vya nguo yake. Lakini yafaa ikumbukwe kwamba nguo iliyotoboka ikikosa kiraka haivaliki. Basi swali linalowahusu wazazi na vijana wa Kitui na Makueni ni hili: je, kijana ambaye mwalimu wake humtuma kucheza popote penye pengo, aweza kuufanya mpira kuwa kazi ya kumpa riziki? Au ni heri ashike nafasi moja tu, asiiache hata akifukuzwa?

Yuko mchezaji mmoja, mzaliwa wa Kenya, ambaye maisha yake ya mpira yaweza kulijibu swali hilo vizuri. Jina lake ni Clarke Oduor. Alizaliwa Siaya tarehe 25 Juni 1999, akalelewa kimpira huko Uingereza katika kikosi cha vijana cha Leeds United. Guu lake ni la kushoto, na upande wake ni wa kushoto. Lakini katika upande huo amecheza karibu kila mahali. Amekuwa beki, amekuwa winga, amekuwa yule mchezaji wa ubavuni apandaye kushambulia na kurudi kulinda, na kadhalika amewekwa kuwa kiungo katikati ya uwanja.

Kabla ya kuendelea, ni vyema msomaji afahamu jinsi mpira wa Uingereza ulivyopangwa. Ligi yao ilianzishwa mwaka 1888. Siku hizi madaraja ya juu ni manne. Daraja la kwanza lina klabu 20, nalo ndilo lionekanalo katika televisheni za hoteli na vilabu vya Kitui mjini na Wote. Chini yake yako madaraja matatu, kila moja lina klabu 24, jumla klabu 72. Humo hawamo wachezaji ambao picha zao hubandikwa katika matatu. Wamo watu wa kazi, wenye mikataba ya miaka michache, ambao kila mwisho wa msimu huangalia kama majina yao yamo katika orodha ya wabakiao au ya waachwao. Oduor amefanya kazi yake katika madaraja hayo.

Mwezi wa Agosti 2019 alitoka Leeds akajiunga na Barnsley, klabu ya mji wa wachimba makaa ya mawe, iliyokuwa katika daraja la pili. Msimu ule ulikuwa mgumu. Maradhi ya korona yalisimamisha ligi kwa miezi kadhaa, na iliporudi, michezo ilichezwa bila watazamaji. Siku ya mwisho, tarehe 22 Julai 2020, Barnsley walikwenda London kucheza na Brentford. Brentford walihitaji kushinda ili wapande daraja la kwanza, na Barnsley nao walihitaji kushinda ili wasishuke daraja la tatu. Dakika 90 zilikwisha wakiwa sare, goli moja kwa moja. Sare hiyo haikumfaa yeyote kati yao. Ndipo katika dakika ya nyongeza Oduor alipotia goli la pili la Barnsley. Klabu yake ikafikisha pointi 49, na Charlton Athletic, waliokuwa na pointi 48, wakashuka badala yao.

Wale waliozoea kuhesabu magoli tu watasema kwamba mtu huyu hakuwa mfungaji, na hiyo ni kweli. Walakini goli lile moja lililinda mishahara ya watu wengi, tangu wachezaji mpaka makarani wa tiketi na wakata majani, kwa maana klabu ishukayo hupoteza fedha nyingi, na watu wa chini ndio wapunguzwao kwanza. Mwaka uliofuata Barnsley hao hao walimaliza wakiwa wa tano katika daraja la pili. Mpira una tabia ya kumpa mtu asiyetazamiwa kazi iliyo kubwa kuliko zote, maadamu yumo uwanjani saa hiyo. Na mchezaji kiraka huwamo uwanjani mara nyingi kwa kuwa aweza kuwekwa popote.

Hapo ndipo ilipo faida ya kwanza. Klabu maskini haiwezi kuajiri watu wawili kwa kila nafasi. Vile vile idadi ya wachezaji wa akiba wakaao benchi ina mpaka, na mwalimu akiwa na mmoja awezaye kushika nafasi tatu, amepata akiba tatu kwa kiti kimoja. Zamani haja hiyo ilikuwa kubwa zaidi. Ligi ya Uingereza haikuruhusu kubadilisha mchezaji hata ulipofika mwaka 1965. Kipa akivunjika mkono, beki au mshambuliaji alivaa glavu akasimama golini, na timu ikaendelea na watu kumi. Siku zile kila mchezaji alilazimika kuwa kiraka kidogo.

Faida ya pili ni ya mchezaji mwenyewe. Beki aliyewahi kuwa winga huyajua mawazo ya winga kabla hayajawa vitendo, kama vile karani aliyewahi kukaa katika duka ajuavyo ni wapi hesabu hufichwa.

Lakini si haki kusifu upande mmoja na kuuficha wa pili. Kiraka ana hasara zake, na kijana asipoambiwa mapema atazijua kwa uchungu. Mwalimu akitaka kupanga kikosi chake, huanza na wale wasioweza kuhamishwa. Yule awezaye kuhamishwa hupangwa mwisho, na pengine hubaki benchi kwa sababu ile ile ya kuwa na faida popote. Tena mnunuzi wa wachezaji huuliza, “Nahitaji beki wa kushoto, nani aliye bora?” Hatamtaja mtu aliyecheza beki mara kumi, winga mara kumi na kiungo mara kumi. Jina lake halimo katika orodha yoyote, ijapokuwa kazi yake imo katika zote.

Ndiyo maana safari za watu wa namna hii huwa nyingi. Mwaka 2022 Barnsley walishuka daraja, na katika msimu uliofuata Oduor alicheza kwa mkopo katika Hartlepool United ya daraja la nne. Mwaka 2023 alijiunga na Bradford City, nao pia walikuwa daraja la nne, mpaka walipopanda mwaka 2025. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo akapelekwa kwa mkopo Grimsby Town, klabu ya mji wa wavuvi. Alikuwa na umri wa miaka 26, na hiyo ilikuwa klabu yake ya tano. Mtu wa Kitui aliyekwenda kutafuta kazi Mombasa, kisha Nairobi, kisha Thika, hana haja ya kuelezwa maana ya kufungasha mizigo mara tano.

Huko Grimsby yalitukia mambo ambayo yawafaa hasa wasomaji wa kazi za ofisini. Tarehe 27 Agosti 2025 Grimsby, watu wa daraja la nne, waliwapokea Manchester United katika mashindano ya Kombe la Ligi. Mchezo ulikwisha magoli mawili kwa mawili, na Oduor aliingia kipindi cha pili. Ikapigwa mikwaju ya penalti, mikwaju 26 kwa jumla. Mkwaju wa Oduor uliokolewa na kipa. Hata hivyo Grimsby walishinda kwa 12 kwa 11, kwa kuwa upande wa pili walikosa miwili. Dunia nzima ilishangaa, na watu wa mji ule walikesha kwa furaha.

Baada ya hapo ikajulikana kwamba karatasi za Oduor hazikuwa sawa. Kanuni ilitaka mchezaji awe amesajiliwa kabla ya saa sita mchana wa siku iliyotangulia mchezo. Karatasi zake ziliingia saa sita na dakika moja. Klabu yenyewe ilikwenda kukiri kosa hilo. Wasimamizi wa ligi waliitoza faini ya pauni 20,000, na nusu yake ikaahirishwa, isilipwe ila kosa likirudiwa. Ushindi haukufutwa.

Tazama basi jinsi dakika moja ilivyo. Mwaka 2020 dakika moja baada ya tisini ilimpa mtu huyu heshima yake kubwa. Mwaka 2025 dakika moja baada ya saa sita iliigharimu klabu yake fedha ambazo zingelipa mishahara. Dakika ya kwanza ilikuwa katika miguu ya mchezaji. Ya pili haikuwa yake kabisa, ilikuwa ya ofisi. Mchezaji ahamaye mara kwa mara huishi kwa karatasi kuliko mwenzake aliyetulia mahali pamoja, na usalama wake umo mikononi mwa karani asiyemjua. Karani wa chama cha ushirika, wa shule au wa timu ya kijiji, ambaye huiacha barua mezani mpaka kesho, hajui ni riziki ya nani iliyolala mezani pake.

Basi jibu la swali ni lipi? Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Maneno hayo ni ya kweli kwa mtu atakaye vitu viwili kwa tamaa. Kiraka hakushika viwili kwa tamaa, alitumwa, akaitika. Walakini ni lazima awe na shina. Oduor hakuzunguka uwanja mzima kama mtu aliyepotea. Shina lake ni guu la kushoto na ubavu wa kushoto, na kazi zake zote ni matawi ya shina hilo. Kijana wa Ithookwe au wa Wote na ajifunze kwanza nafasi moja mpaka mwalimu amwamini ndani yake hata siku ya fainali. Kisha ajifunze ya pili iliyo jirani nayo, na ya tatu kama aweza. Akianza na tatu kabla ya moja, atakuwa kiraka kisicho na nguo.

Mzazi naye asimcheke. Amwulize mambo matatu: mkataba wake ni wa muda gani, nani ameusoma pamoja naye, na cheti chake cha shule kiko wapi. Miguu ya mchezaji haidumu sana, na wengi wa wale wa madaraja ya chini huacha mpira wangali vijana, bila akiba ya kutosha. Aliyezoea kubadili nafasi uwanjani hatashindwa kubadili kazi siku hiyo, mradi awe ameitayarisha mapema, wakati bado anaitwa kila Jumamosi kuziba pengo la mwingine.