Njoo Nikuonyeshe Vitabu Vyangu

Ndugu msomaji, umemaliza vitabu vya kujifunza kusoma. Unaweza kusoma jina lako, kadi ya kliniki, na uzito kwenye mizani ya pamba. Je, sasa utasoma nini?

Hapa kwetu Kanda ya Ziwa swali hili ni la zamani. Mwaka 1968 ulianza mpango wa kisomo chenye manufaa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa Victoria, na Shinyanga ilikuwa mmojawapo. Wakulima wengi walijifunza kusoma kwa masomo ya kilimo cha pamba. Baadaye likatoka gazeti la vijijini huko Mwanza, jina lake Elimu Haina Mwisho. Watu wale walijua kwamba aliyehitimu akiacha kusoma, husahau.

Mimi ni mkulima wa pamba na mpunga huku Kahama. Mume wangu huchimba dhahabu kwenye maduara ya upande wa Geita. Masika yakifika na mashimo yakajaa maji, hurudi nyumbani. Nina vitabu vitatu tu na redio moja. Nitakuambia ninavyovipenda.

Cha kwanza ni kitabu cha Mzee Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Kinaitwa Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Ni kitabu kinene sana. Usiogope. Soma kurasa mbili kila jioni. Mzee Kitereza alizaliwa mwaka 1896. Alimaliza kukiandika mwaka 1945, kwa Kikerewe, lakini hakupata wa kukichapa. Akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Kilichapwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980, naye akafariki mwaka 1981. Miaka 35 alingoja!

Kitabu hiki ni habari za mume na mke wasio na mtoto. Ndugu wa mume wanamtukana mke, na wazazi wake wanamchukua wakarudi naye kwao. Mume anamfuata. Wakwe wanamtaka alete pombe kwanza. Je, ataipata wapi, na mkewe hayupo nyumbani? Utacheka, kisha utanyamaza.

Mimi nilinyamaza. Tulikuwa tumekaa miaka tisa bila mtoto. Mawifi zangu walikuja wakamwambia kaka yao aoe mke mwingine. Waliyasema hayo mbele yangu, nikiwa napakua ugali. Mume wangu aliwajibu, "Nimesikia, dada zangu." Hakusema zaidi, nami sikujua moyo wake umeelekea wapi.

Masika ile nilikuwa nikimsomea kitabu hiki kila jioni. Alikuwa akinisahihisha mahali nilipokosea majina. Tulipofika mahali Myombekere anapokwenda ukweni, akaniambia, "Rudia hapo." Nikarudia. Kesho yake akanituma nimwite wifi yangu mkubwa, naye aje kusikiliza. Wifi alikaa akibambua karanga. Hakusema neno. Lakini jioni iliyofuata alikuja mwenyewe bila kuitwa, na karanga zake. Habari ya mke mwingine haikuzungumzwa tena nyumbani kwangu.

Nikuambie mapema, usije ukadhani kitabu ni dawa. Myombekere na Bugonoka wanapata watoto. Sisi hatukupata. Tumelea mtoto wa mdogo wangu, naye sasa yuko darasa la sita. Na zile habari za mganga na mizizi yake, zisome kama mambo ya kale. Ukiumwa, nenda zahanati.

Cha pili ni Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, naye pia ni mtu wa Ukerewe. Kilitoka mwaka 1971. Mwanzoni kilikatazwa mashuleni. Ni habari za msichana aliyelelewa kwa viboko na baba mlevi. Baba mmoja wa darasani kwetu alisema ni kitabu kibaya, kwa sababu kinafundisha wasichana uhuni. Mimi sikubaliani naye. Rosa alichungwa kwa kupigwa, hakuelezwa lolote. Akina baba wakisome kwanza, kisha tubishane. Mwisho wake ni wa kusikitisha mno, usiusome usiku peke yako.

Cha tatu ni Wasifu wa Siti Binti Saad cha Shaaban Robert. Siti alizaliwa Fumba, Unguja. Mama yake alikuwa mfinyanzi, naye alikuwa akitembeza vyungu mjini. Hakwenda shule. Mwaka 1928 alikwenda Bombay, Bara Hindi, kuimba taarabu kwenye santuri. Kiswahili cha Shaaban Robert kina maneno magumu, kwa hiyo soma pamoja na mwenzako.

Kwa nyimbo nitasema kidogo tu. Mume wangu ana nyimbo za Mbaraka Mwinshehe kwenye simu yake. Mbaraka alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari huko Kenya. Wachimbaji wanaupenda wimbo wake wa Shida, nao hawahitaji kuelezwa kwa nini. Mimi napenda gitaa lake kuliko maneno. Ukisikia redioni kipindi cha zilipendwa, ngoja, hatakosa.

Rosa Mistika nakuazima kwa wiki mbili. Kitabu cha Mzee Kitereza hakitoki nyumbani, kwa maana jalada limeanza kuachia. Njoo jioni ukisome hapa kwangu. Uje na taa yako.