Haneda hadi Marunouchi, Nyuma ya Dubwana

Ndege ilipoanza kushuka Haneda niliiona Ghuba ya Tokyo dirishani: meli za mizigo, kingo za zege, na barabara itokayo Chiba ikipita juu ya maji kisha kutoweka baharini. Hiyo ni Aqua-Line, iliyofunguliwa mwaka 1997, sehemu daraja na sehemu handaki. Katika filamu ya *Shin Godzilla* ya mwaka 2016, balaa linaanzia hapo. Maji yanaingia handakini, mvuke unafuka baharini, na mawaziri wanaitwa kikaoni kubishana kama ni volkano.

Sikuwa nimewahi kufika Japani, na Tokyo niliyoijua ilikuwa ile ya filamu hiyo ya Hideaki Anno na Shinji Higuchi. Niliamua kuifuata. Kazi haikuwa ngumu, kwani treni ya Keikyu inayotoka uwanja wa ndege hupitia Kamata na kuelekea Shinagawa, karibu sawasawa na njia aliyoshika dubwana Godzilla alipopanda nchi kavu mara ya kwanza.

Nilishuka Kamata kuutafuta Mto Nomi. Ni mto mwembamba uliobanwa na kuta za zege, na nyumba zimeusogelea kiasi kwamba mwenyeji anaweza kuanika shuka zake juu ya maji. Katika filamu dubwana linaukwea mto huu likisukuma rundo la mashua mbele yake. Mtazamaji wa Kijapani hakuhitaji maelezo. Miaka mitano kabla, tarehe 11 Machi 2011, alikuwa ameona tsunami ikibeba mashua hadi mitaani, kisha majengo ya mitambo ya nyuklia ya Fukushima Daiichi yakilipuka huku serikali ikihangaika. Filamu inaukumbuka mhangaiko huo kwa ukali: Waziri Mkuu Okochi anawahakikishia wananchi kwamba kiumbe hicho hakiwezi kupanda nchi kavu, na kabla hajaondoka mbele ya kamera anapewa habari kwamba kimeshapanda.

Karibu na kituo cha Kita-Shinagawa nilikuta kivuko cha reli. Kengele ililia, mti ukashuka, nikasimama pamoja na wanafunzi wenye sare na mzee mwenye baiskeli. Ni katika eneo hili ambapo helikopta za jeshi, zikiwa tayari kufyatua, zinaona watu wawili wakivuka reli, mmoja amembeba mwenzake mgongoni. Swali linapanda kutoka kwa rubani hadi kwa kamanda, kutoka wizarani hadi kwa Waziri Mkuu, mkono kwa mkono kama ndoo za maji penye moto. Okochi anaamuru wasifyatue. Dubwana linarudi baharini, na litakapoibuka tena Kamakura litakuwa limekua karibu maradufu, hadi mita 118.5.

Wengi huicheka serikali ya filamu hii kwa vikao na nyaraka zake, na Anno mwenyewe anatuchekesha makusudi. Lakini pale kivukoni, nikiwa bega kwa bega na yule mzee, sikuweza kumcheka Okochi. Ngazi zilezile zilizomchelewesha ndizo zilizofanya watu wawili waonekane kabla ya risasi. Nilianza kuhisi kwamba siasa ya filamu hii iko katika umbali kati ya anayeamuru na anayepigwa.

Hisia hiyo ilinipeleka Yumenoshima, mahali ambapo dubwana halikufika. Humo ndani ya jumba kumehifadhiwa mashua ya mbao, Daigo Fukuryu Maru, iliyokuwa ikivua jodari na mabaharia 23 tarehe 1 Machi 1954, Marekani ilipolipua bomu la haidrojeni katika kisiwa cha Bikini. Mashua ilikuwa nje ya eneo la hatari lililotangazwa, lakini majivu yenye mionzi yaliwaangukia. Aikichi Kuboyama, mhudumu wa redio, alifariki Septemba. Novemba mwaka huohuo Ishiro Honda alitoa *Godzilla* ya kwanza. Nilizunguka ubavu wa ile mashua nikiwaza jinsi ilivyo ndogo mbele ya uamuzi uliopitishwa mbali nayo.

Safari iliishia Marunouchi, mbele ya Kituo cha Tokyo cha matofali mekundu, kilichofunguliwa mwaka 1914. Katika filamu, Okochi na mawaziri wake wameshateketea. Nafasi yake ameshika Satomi, waziri wa kilimo anayelalamika kwamba tambi zake zimelainika, na mataifa makubwa yameamua Tokyo ipigwe bomu la nyuklia. Yaguchi, aliyekuwa naibu katibu mkuu wa baraza la mawaziri, anaomba muda. Treni zilizojaa mabomu zinamgonga dubwana, majengo yanaangushwa juu yake, na magari ya pampu ya zege yanammiminia dawa mdomoni mpaka anaganda. Bomu halifutwi. Linasubiri dubwana litikisike.

Kutoka hapo nilitembea hadi Kasumigaseki, mtaa wa wizara. Ni mwendo wa nusu saa hivi kwa miguu. Ofisa anayekosea huko anakosea juu ya treni atakayopanda jioni, na labda ndiyo sababu filamu, baada ya kuwadhihaki maofisa hao kwa muda mrefu, bado inawakabidhi mji wao. Wenye bomu walikuwa wakiitazama Tokyo kwenye ramani.