Mwaka wa Bayi na unga wa Yanga

Mjukuu wa dada yangu, kijana wa kidato cha tatu, aliniuliza tukiwa Ziba tunasubiri gari la Nzega: "Babu, kumbe Filbert Bayi ni mtu? Mimi nilijua ni jina la shule." Shule zipo kweli, na mwenyewe ndiye mwanzilishi wake. Lakini niliumia. Kijana huyu mwaka 1974 anaujua barabara kwa ajili ya mtihani: Operesheni Vijiji, ukame, njaa, Azimio la Musoma. Amefundishwa nusu ya mwaka. Nusu ya pili ilipita redioni, na hakuna aliyemsimulia.

Sisi tuliisikia kwa Mwarabu. Alikuwa na jina lake, ila Ziba nzima ilimwita hivyo, naye aliitika kwa Kinyamwezi kilichonyooka kuliko cha vijana wa leo. Ukiingia dukani mwake kilichokupokea kwanza ni harufu: mafuta ya taa yaliyomwagika sakafuni miaka na miaka, sabuni ya mche, kaniki mpya ambazo hazijaonja maji, magunia ya katani, na juu ya yote hayo chai ya tangawizi iliyoletwa na mkewe kutoka uani. Madeni aliyaandika kwenye daftari la shule, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Hakuna mkopaji aliyeweza kuyasoma, na sikumbuki mtu aliyewahi kuyabishia.

Redio ilikaa juu ya rafu ya majani ya chai. Ilikuwa National, ya Wajapani, imevishwa koti la ngozi lenye vitundu mbele ya spika. Betri za National zilitoka kiwanda cha Wajapani hao hao, Dar es Salaam. Zikichoka hakuzitupa; alizianika juani kutwa nzima, jioni zikaimba tena. Sisi watoto tulikuwa walinzi wa betri hizo, na ujira wetu ulikuwa ruhusa ya kukaa barazani wakati wa taarifa ya habari. Ngoma ya RTD ikilia, fundi cherehani aliinua mguu kwenye pedali. Wapima chumvi walinyamaza. Babu zetu walibeba pembe hadi Bagamoyo, na habari za pwani walirudi nazo kwa miguu, miezi mitatu njiani. Kwa hiyo wazee wa Ziba walijua thamani ya habari inayofika siku ile ile.

Nimehakikisha tarehe: Februari 2, 1974, Jumamosi. Christchurch, New Zealand, Michezo ya Jumuiya ya Madola, mita 1,500. Kijana wa Karatu mwenye miaka 20 aliondoka mbele tangu mlio wa bastola na hakurudi nyuma hata hatua moja. John Walker, mwenyeji, alimfukuza hadi utepeni asimpate. Ben Jipcho wa Kenya akawa wa tatu. Dakika 3, sekunde 32.2, rekodi ya dunia. Mwarabu alituamuru tunyamaze ili asikie tena, kana kwamba msomaji angerudia kwa ajili yake. Tangu siku hiyo watoto wa Ziba hatukujua tena kukimbia kwa akiba. Tulitoka mbio zote tangu mwanzo kwenye barabara ya Nkinga, kila mmoja ni Bayi, na tukaishiwa pumzi kabla ya kuufikia mkuyu.

Njaa ilikuwepo. Ndiyo ninayotaka kijana aelewe: haikuwa miaka miwili, mmoja wa shida na mwingine wa furaha. Mvua ziligoma, ghala zikabaki na panya tu, tukaanza kula unga wa mahindi ya njano kutoka ng'ambo. Watu waliuita unga wa Yanga, kwa rangi yake, na wapenzi wa Simba waliula huku wamekunja nyuso.

Agosti 10, uwanja wa Nyamagana, Mwanza, Simba na Yanga wakigombea ubingwa wa taifa. Wanaume walikuja dukani na udongo mikononi, maana wengi walikuwa wanajenga upya kwenye viwanja vilivyopangwa kwa mstari, na nyumba walizozihama zilikuwa zimeezuliwa. Adam Sabu aliifungia Simba mapema. Mwarabu, Simba wa damu, alitabasamu dakika sabini nzima. Sauti ilikuja na kupotea, kila ilipopotea mtu mmoja akaigeuza redio upande, mwingine akamfokea. Dakika ya 87 Gibson Sembuli akasawazisha. Baraza lilitikisika. Betri nazo zilikuwa zinakaribia kufa, na mimi nilimtazama Mwarabu, kwani alikuwa na sababu nzuri ya kuziacha zife. Alifungua paketi mpya, betri za kuuza, akazitia. Ndipo tukasikia bao la Sunday Manara katika muda wa nyongeza. Mtu wa Simba alitoa betri zake ili watu wa Yanga wasikie wakishinda, katika mwaka ambao shilingi ilikuwa ngumu kwa kila mtu. Sijaona kitabu cha historia chenye jambo hilo.

Mwaka huo Zaire walikwenda Kombe la Dunia wakafungwa tisa na Yugoslavia, tukawahurumia kama ndugu. Oktoba 30, alfajiri ya kwetu, Ali alimwangusha Foreman Kinshasa. Na kati ya habari na habari zilipigwa nyimbo: Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz, watu wetu wenyewe, na Mbaraka Mwinshehe, aliyekwisha kufika Osaka kupiga kwenye Expo 70.

Operesheni Maduka ya 1976 ililifunga duka. Mwarabu alihamia Tabora, na duka la kijiji lililochukua nafasi yake halikuwa na redio, na baada ya muda halikuwa na sukari pia. Kisha vita, foleni, Mbaraka kufariki Mombasa mwaka 1979, soko huria, televisheni. Leo Ziba ina vibanda umiza ambako vijana hulipa kiingilio kuangalia Arsenal, na watakutajia kikosi chote hadi wachezaji wa akiba. Siwalaumu kwa kuipenda Arsenal. Ninawalaumu watu wazima walioacha Sembuli afe mara ya pili.

RTD ilirekodi mengi mno, na kanda zake zimerithiwa na TBC. Redio za mikoani, za Tabora zikiwemo, hujaza saa nzima kwa uvumi wa usajili wa Ulaya. Februari 2 kila mwaka wangeweza kutenga dakika nne kwa ajili ya Christchurch. Mbio zenyewe hazifiki hata hizo.